Hapo Pana Mtu

Jirani yangu wa karibu, kwa nyumba na kwa umri, alikuwa Pasikali Nduwayezu. Pasikali ni jina la ubatizo. Nduwayezu alipewa na baba yake kule Burundi, kabla hajavuka mpaka kwa miguu kupitia Munanila mwaka 1972. Nayataja yote mawili kwa sababu ndivyo yalivyoandikwa kwenye hati yake ya uraia, na kwa sababu watu wa hapa Murubona, nje kidogo ya mji wa Kasulu, walimwita Mzee Paska tu, jina ambalo hakulipenda.

Mkewe, Maximilla, alifariki mwaka juzi wakati wa kuvuna maharage. Matanga yalipokwisha, Pasikali akabaki peke yake na mbuzi wake. Binti yao wa pekee, Epifania, ameolewa Kibondo na ni fundi cherehani huko. Kila alipopiga simu alimsihi baba yake ahamie kwake, na kila mara alipewa jibu lilelile: "Nitakuja mvua ikikatika." Anayezijua mvua za huku kwetu atalielewa jibu hilo.

Jumamosi moja, siku ya jua zuri, Epifania alishuka kwenye basi la asubuhi akiwa na zawadi. Ilikuwa mashine ya gemu ya mkononi, ile inayoshikwa kwa mikono miwili, kioo katikati na vifungo kila upande. Aliinunua ikiwa imetumika, kwa mtu aliyekuwa akiondoka kambi ya Nduta kurudi Burundi.

"Nicheze gemu mimi, na mgongo huu?" Pasikali alimuuliza.

"Hutacheza, baba. Utaangalia filamu. Nyumba itapata sauti."

Tuliongozana mpaka kwa Hilali, mwenye duka la simu karibu na soko. Hilali aliigeuza mashine huku na huku, akabonyeza vifungo.

"Kazi yake ni gemu, wazee wangu, lakini ukiitilia memori kadi inaonyesha muvi kuliko simu. Ila spika imekufa. Mtatumia hedifoni."

Akaijaza filamu za Kihindi na za Kikorea, zile ambazo mtu mmoja anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Akatupa na hedifoni za waya, zenye vichwa viwili, huku akicheka. "Kimoja cha Mzee Pasikali, kimoja cha Mzee Ildefonsi. Msigombane kama wake wenza."

Hatukugombana. Macho yangu yana mtoto wa jicho, na kioo kile kilikuwa kidogo mno kwangu. Niliangalia mara moja, nikashukuru, nikaaga. Kichwa cha pili cha hedifoni kikabaki bila sikio. Pasikali hakukipenda kining'inie, basi akawa anakilaza juu ya kigoda cha Maximilla, kando ya kiti chake.

Bibi yangu hakukubali mrija uachwe umesimama kwenye chungu cha pombe wakati mnywaji wake ametoka. Mrija hulazwa chini. Ukiachwa, alikuwa akisema, utakuja mdomo ambao haukuitwa. Nilimtajia Pasikali jambo hilo kwa mzaha.

"Hii ni plastiki, Ildefonsi," alinijibu. "Na chungu chenyewe hakina pombe."

Ile mashine ilimfaa. Aliichaji kwa sola mchana, na baada ya kufunga mbuzi alikuwa na mahali pa kwenda. Alianza kunisimulia habari za wafalme wa Korea na mama wakwe wa Kihindi kana kwamba ni watu wa Kumsenga, mtaa wa jirani. Nilifurahi. Mimi mwenyewe ni mjane, najua jinsi jioni inavyoweza kuwa ndefu.

Kisha akaacha kunisimulia. Badala yake, nikipita kando ya ua wake, nilimsikia akisimulia ndani. Alikuwa akizungumza Kiha, polepole, kama mtu anayemfafanulia mgeni. "Huyu ni shemeji yake. Anamdanganya. Shamba ni la marehemu." Alinyamaza kidogo, halafu akaendelea. Nilidhani anaongea na mkewe. Sisi wajane huongea na viti, si jambo la kumsemea mtu. Nilipita.

Lakini hakuja kwenye sala za jumuiya wiki ile, wala wiki iliyofuata. Mbuzi walilia zizini mpaka jua la mchana. Uji niliompelekea niliukuta kesho yake mezani, umeota utandu. Alikuwa amekonda, na sauti yake imekauka kama ya katekista baada ya Ijumaa Kuu.

"Kula, Pasikali," nilimwambia mlangoni.

"Nitakula. Hii ikiisha."

"Ikiisha nini?"

Alikuwa ameshageuka kurudi ndani.

Nilikwenda tena alasiri moja ya mvua. Mabati yalikuwa yakipigwa kwa nguvu, na nilibisha hodi bila kusikiwa. Nikaingia. Pasikali alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mashine imeegemezwa kwenye birika mbele yake, kioo kinawaka. Alikuwa na kichwa kimoja cha hedifoni sikioni. Nilikuwa nimelowa na magoti yananiuma. Nikashika kigoda ili niketi.

"Hapo pana mtu," alininong'oneza.

Nilikiachia. Nikakaa juu ya gunia la mahindi, upande wa pili. Ndipo nikaona waya.

Kichwa cha pili hakikuwa kimelala juu ya kigoda. Kilikuwa kimeinuka juu yake. Waya ulitoka kwenye mashine, ukapanda, ukasimama hewani, mahali ambapo lingekuwa sikio la mtu mfupi aliyeketi. Haukuwa ukitikisika.

Nilitoa leso nikapangusa macho yangu. Nikatazama tena. Ulikuwa palepale.

Mikono ya Pasikali ilikuwa magotini. Kwenye mashine, kitufe cha kulia kikabonyea chenyewe. Picha ikasimama. Pasikali akainama kuelekea kigoda, akasema kwa Kiha, taratibu: "Mama anamwambia asiolewe huko." Kitufe kikabonyea. Picha ikaendelea.

"Ni Maximilla?" nilimuuliza, kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo.

"Sikumuuliza jina."

Nilipofikiri nilipata baridi ambayo haikuwa ya mvua. Maximilla alizaliwa Kakonko na alifundisha kisomo cha watu wazima kwa miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Pasikali, na yeye ndiye aliyekuwa akimfafanulia mumewe taarifa ya habari.

"Pasikali, Maximilla hahitaji kutafsiriwa."

"Najua."

"Basi huyu ni nani?"

Hakuwa na hasira wala hofu. Alikuwa kama mtu aliyechoka na anayetaka aachwe na kazi yake.

"Anauliza," alisema. "Tangu Maximilla aende, humu ndani hakuna aliyeniuliza kitu. Wewe unakuja kuniambia nile. Epifania ananipigia kuniambia nihame. Huyu anauliza."

Picha ikasimama tena. Mvua ilikuwa imepungua kidogo, na katika upungufu ule nikasikia. Haikuwa sauti ya mtoto wala ya mtu mzima. Ilikuwa pumzi yenye maneno.

"Avuze iki?"

Amesema nini?

Haikuuliza juu ya filamu. Kwenye filamu hakuna aliyekuwa akisema. Pasikali aliinama kwenye kigoda, akanitafsiri mimi.

"Amesema, wewe ni nani."

Tulingoja. Kile kichwa cha hedifoni kiligeuka kidogo pale hewani. Kikanielekea.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nilikuwa barabarani, kofia yangu nimeiacha, na nilikuwa nikimpigia Epifania simu.

Alifika kesho yake na gari la kukodi. Nilidhani kutakuwa na mabishano, lakini Pasikali alikubali kama mtoto aliyeamshwa. Epifania alimfungia nguo zake, akawakabidhi mbuzi kwa majirani, akaja kwangu na ile mashine imefungwa kwenye kanga.

"Baba mdogo, kaa nayo au itupe. Imemla baba yangu."

Pasikali alilifikia gari, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe. Hakuingia. Alisogea pembeni, akangoja kidogo, jinsi mtu anavyompisha mwingine atangulie. Kisha akaingia, akakaa upande wa mlango, na kuibana miguu yake kama aliye kwenye gari lililojaa.

Epifania alikuwa mbele na dereva. Nyuma, kando ya Pasikali, palikuwa patupu.

Walipoondoka nilikwenda kuifunga nyumba. Sakafu ya Pasikali ni ya udongo uliosiribwa. Chini ya kigoda, mbele yake kidogo, udongo ulikuwa umeliwa: vishimo viwili, vidogo, laini, kama vinavyochimbwa na nyayo za mtu anayekaa mahali pamoja siku nyingi. Niliinama nikavipapasa. Alama za vidole vya miguu zilikuwepo. Hazikuelekea kule ilikokuwa mashine. Zilielekea kiti cha Pasikali.

Mgeni yule hakuwa akiangalia filamu. Alikuwa akimwangalia Pasikali.

Habari za kwanza kutoka Kibondo zilikuwa njema. Anakula, Epifania alisema. Ameoga. Anashinda sebuleni kwenye kiti chake cha mbao, na anasimulia zile filamu kutoka kichwani, kwa Kiha, bila mashine yoyote. "Lakini wazee ndivyo walivyo, si ndiyo, baba mdogo?"

Nilimwambia ndivyo walivyo.

Kisha Pasikali akanipigia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imebaki uzi.

"Ildefonsi. Nitumie kile kigoda."

"Kibondo hakuna viti?"

"Kuna makochi. Ni ya wenye nyumba, watoto wanarukia, hawezi kukaa hapo. Kiti changu ni kimoja tu." Akapumua. "Amesimama tangu tufike. Si vizuri, ndugu yangu. Mgeni asimame, mimi nimekaa?"

Nilimwambia nitafikiri. Baada ya hapo nilikichukua kile kigoda, nikakipasua kwa shoka uani kwangu, nikakitia motoni. Niliona kwamba mgeni asiyepata mahali pa kukaa mwishowe huaga. Hivyo ndivyo tulivyolelewa wote, na sikuona kwa nini huyu awe tofauti.

Pasikali hakunipigia tena. Aliyepiga ni Epifania, na alikuwa akilia.

"Baba mdogo, baba hakai. Anasimama kutwa. Tukimkalisha anainuka. Miguu imemvimba mpaka viatu havimwingii. Njoo, wewe atakusikiliza."

Nilipanda basi la Kibondo asubuhi. Tulipita Makere, tukapita mashamba ya mihogo, na njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia. Nilipoingia pale sebuleni yote yalinitoka.

Ilikuwa mchana. Dirisha lilikuwa wazi, na nje cherehani ya mwanafunzi wa Epifania ilikuwa ikilia. Pasikali Nduwayezu alikuwa amesimama kando ya kiti chake cha mbao, mkono mmoja juu ya egemeo, ameinama kidogo. Midomo yake ilikuwa ikienda. Sauti haikuwepo tena kabisa, lakini midomo ilikuwa ikieleza, ikinyamaza, ikieleza. Alinitazama mara moja. Alinijua. Kisha akageukia kiti, kwa adabu, kama mtu aliyekatizwa mazungumzo.

"Pasikali," nilisema. "Kaa, ndugu yangu. Kiti ni chako."

Alitikisa kichwa. Akaonyesha kwa kidole.

Kwenye kiti kulikuwa na mto wa sponji ambao Epifania aliushona mwenyewe, kitambaa cha maua. Ulikuwa umebonyea katikati.

"Ni baba alikuwa amekaa asubuhi," Epifania alininong'oneza. Hakuwa na uhakika na maneno yake. Alisogea, akauinua mto, akaupigapiga kwa viganja pande zote mpaka ukajaa vizuri, akaurudisha kitini.

Tulisimama watatu tukiutazama.

Taratibu, ukabonyea.