Tiketi za Wenyeji wa Chumba Kumi na Nne

Kila jioni fataki zilipasuka juu ya bustani ya michezo ya Palmaria. Kila jioni Amarilis alizitazama akiwa amekaa juu ya boneti ya gari la baba yake, mbele ya moteli. Nyekundu, kijani, dhahabu. Kuzitazama kulikuwa bure. Kuingia Palmaria penyewe, mtoto huyo wa miaka minane hakuwahi hata siku moja, ingawa alikuwa ameishi Kissimmee, Florida, tangu alipokuwa wa kubebwa.

Mama yake, Nereida, alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli kubwa ya watalii. Baba yake, Efraín, alifua mashuka ya hoteli hiyo hiyo. Walitoka Ponce, kisiwani Puerto Rico, mwaka wa kile kimbunga kilichong'oa paa lao. Nyumba za kupanga zilitaka malipo ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Hawakuwa nayo. Basi wakaingia moteli ya barabara kuu, chumba kumi na nne, kwa kulipa wiki hadi wiki. Wakakwama hapo.

Moteli ile ilikuwa na desturi moja ya ovyo. Kabla mwezi haujatimia, kila aliyeishi pale alitakiwa kutoa vitu vyake vyote, akalale kwingine usiku mmoja, kisha arudi. Meneja, Bwana Kessler, alisema ndiyo kanuni.

"Nyinyi ni wageni wangu," alikuwa akisema huku akitabasamu. "Na mgeni huondoka."

Mgeni gani ambaye basi la shule linamchukua mtoto wake hapo hapo mlangoni, mwaka wa tatu sasa? Lakini kila mwezi walifungasha vyungu na nguo, wakalala ndani ya gari, wakarudi asubuhi. Nereida alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa na hasira ndani yake.

Efraín alimtuliza kwa neno lake lile lile. "Vumilia, mke wangu. Mwakani tunarudi nyumbani."

Kwa sababu ya hiyo mwakani, Efraín hakuwahi kubadilisha leseni yake ya udereva. Bado ilikuwa ya kisiwani, yenye anwani ya nyumba isiyo na paa. Ya Nereida pia. Efraín aliona kwamba kuchukua kadi ya Florida ni kukubali kwamba wamehama. Wapo wengi wa kwao wanaofanya hivyo, mwaka baada ya mwaka.

Kwenye mwimo wa mlango wa chumba kumi na nne palikuwa na mstari wa penseli. Efraín ndiye aliyeuchora. Ulikuwa kimo anachotakiwa kufika mtoto ili apande Nyangumi, gari la reli la Palmaria linalopanda juu kuliko miti yote kisha linaporomoka.

"Ukifika hapa, mwanangu, tutakwenda," alimwahidi.

Wiki ya Krismasi, Amarilis alisimama mlangoni bila viatu. Utosi wake uligusa mstari. Hakupiga kelele. Alimtazama baba yake tu, akangoja.

Siku ya Wafalme Watatu, sikukuu ya Mamajusi mwanzoni mwa Januari, ilikuwa inakaribia. Watoto wa Ponce hukata majani, wakayatia katika sanduku la viatu na kuliweka chini ya kitanda, ili ngamia wa Wafalme wapate kula. Asubuhi hukuta zawadi. Nereida alijua zawadi ya mwaka huu lazima iwe nini.

Kando ya barabara kuu palikuwa na kibanda chenye bango kubwa: TIKETI ZA WENYEJI, NUSU BEI. Ndani alikaa kijana mmoja aliyejiita Rocky.

"Wewe mwenyeji hapa, mama?" akauliza.

"Mwaka wa nane huu."

"Basi hizi ndizo zako. Bustani wenyewe wana bei ya wenyeji, ila hawapendi kuwaambia. Mimi nawahurumia."

Nereida akazigeuza zile tiketi tatu. "Mbona hii imekunjamana?"

"Imekaa mfukoni mwangu, dada. Tiketi ni tiketi."

"Na risiti?"

"Risiti ya nini tena? Tiketi yenyewe ndiyo risiti. Na fedha taslimu tafadhali, mashine yangu imeharibika."

Mwerevu angegeuka pale pale. Lakini Nereida alikuwa anaiona sura ya mtoto. Akalipa.

Asubuhi ya Wafalme, Amarilis alikuta tiketi juu ya majani yaliyotafunwa nusu. Alikuja mbio kitandani.

"Baraka, mama! Baraka, baba!" Hivyo ndivyo watoto wa kwao wanavyosalimu wakubwa.

"Mungu akubariki," wakaitikia wote wawili.

Kabla ya saa tatu walikuwa langoni pa Palmaria. Msichana wa lango alikuwa mchangamfu. Alimwambia Nereida aweke kidole kwenye kioo kidogo. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka tena. Nyekundu. Efraín naye, nyekundu.

"Samahani," akasema msichana. "Tiketi hizi zilikwishafunguliwa na watu wengine. Zilikuwa za siku nne, wakatumia siku tatu. Siku iliyobaki ni ya vidole vyao, si vyenu."

"Nimezinunua!" akasema Nereida.

"Wapi, mama?"

Nereida alipotaja kibanda, msichana alishusha pumzi. Alikwishasikia hadithi hiyo.

"Sawa," akasema Nereida. "Basi niuzie mpya. Kwa bei ya wenyeji. Mimi nakaa hapa."

"Naweza kuona kitambulisho chenye anwani ya Florida?"

Akampa leseni ya Ponce. Msichana akaitazama, akairudisha taratibu.

"Hii si ya hapa. Una mkataba wa nyumba? Bili ya umeme yenye jina lako?"

"Nakaa moteli. Umeme ni wa moteli."

"Basi kwetu nyinyi ni wageni. Bei ya wageni ni ile pale juu."

Ile pale juu ilikuwa mshahara wa wiki. Nereida aliitazama ile bei. Mashuka wanayolalia wageni wa Palmaria anayafua mumewe. Vyoo vyao anasugua yeye. Leo mgeni ni yeye. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni alikuja, na mwenyeji akazidi kuugua.

Nyuma yao foleni ilianza kunung'unika. Amarilis akamvuta mama yake mkono.

"Mama, kwa nini Wafalme wameniletea tiketi mbovu? Nilifanya nini?"

Swali hilo lilimkata Nereida kuliko taa nyekundu.

"Hukufanya kitu, mwanangu. Wafalme walitapeliwa njiani."

Walipopita kibandani, Rocky hakuwepo. Bango nalo halikuwepo. Kilibaki kiti cha plastiki, na Efraín akakipiga teke mpaka kikavuka mtaro.

Kesho yake jioni Nereida alikwenda maktaba ya mji. Huko alikuwepo Bi Solange Desrosiers, mwanamke wa Haiti aliyekuwa na meza ya kuwasaidia watu mambo ya makaratasi. Amarilis alizoea kusoma hapo baada ya shule. Nereida alimsimulia yote, tena kwa sauti ambayo maktaba haijaizoea.

Bi Solange hakumnyamazisha. "Una haki ya kukasirika," akasema. "Sasa keti, tuitumie hiyo hasira. Kwanza, yule kijana ni tapeli. Watalii wakibakiwa na siku kwenye tiketi, watu kama yeye huzinunua na kuziuza tena. Katika jimbo hili ni kosa la sheria. Karipoti polisi."

"Nitarudishiwa changu?"

"Siwezi kukuahidi. Lakini atakayefuata labda ataokoka. Na siku nyingine usinunue barabarani. Nunua bustani wenyewe, au kwa muuzaji ambaye bustani wenyewe wanamtambua. Ukiwa na shaka, piga simu bustani umtaje. Anayekataa risiti, mkimbie. Anayekupa tiketi ya bure ili ukasikilize hotuba ya kuuziwa nyumba za likizo, huyo naye mkimbie. Utatoka umetia saini."

"Kumbe ile bei ya wenyeji ni ya kweli?"

"Ni ya kweli kabisa. Na si siri. Iko kwenye tovuti yao, ila iko chini, lazima uitafute." Bi Solange akageuza kompyuta. "Tazama. Kila mtu mzima lazima athibitishe mwenyewe kwamba anakaa Florida. Wewe huwezi kumthibitishia Efraín, wala yeye hawezi kukuthibitishia wewe. Mtoto anaingia kwa uthibitisho wa mzazi. Na soma hapa: tiketi hii haifanyi kazi siku za sikukuu. Hata ungekuwa na kitambulisho jana, Siku ya Wafalme wasingekuuzia. Kila bustani ina masharti yake, kwa hiyo soma kabla hujalipa."

"Lakini mimi sina anwani, Bi Solange."

"Unalala wapi?"

"Chumba kumi na nne."

"Barua za benki zinakuja wapi? Hati ya kodi kutoka kazini? Shule imeandika mtoto anakaa wapi?"

Nereida akafikiri. "Pale pale motelini."

"Basi anwani unayo. Usichonacho ni kadi. Peleka cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii, na hizo karatasi mbili zenye jina na anwani, moja ya benki na moja ya kazini. Piga simu ofisi ya leseni kwanza, uwasomee unachobeba, wakwambie kama kinatosha. Tena ukihamia hapa unatakiwa kubadilisha leseni ndani ya mwezi. Nyinyi mmechelewa miaka."

Bi Solange akapunguza sauti. "Na jambo jingine. Mtu ambaye chumba hicho ndicho makao yake pekee, sheria ya hapa haimhesabu mpita njia. Huko kuwatoa kila mwezi, ili msihesabiwe wapangaji, kunanitia shaka. Mimi si wakili. Lakini wapo mawakili wa msaada wa bure mtaa wa pili. Waulize."

Nyumbani, Efraín aligoma.

"Kadi ya Florida ya nini, na mwakani tunarudi?"

"Mwakani, mwakani!" Nereida alikuja juu. "Mwakani yako imezeeka, Efraín. Mtoto ameota meno, yameng'oka, ameota mengine, bado mwakani. Tukikaa hivi huko si wenyeji, na hapa si wenyeji. Tu watu wa wapi, watu wa boneti ya gari?"

"Usinisemee hivyo mbele ya mtoto."

"Mtoto ndiye aliyefukuzwa langoni, si wewe."

Efraín aligeuka. Alitazama mstari wa penseli mlangoni. Amarilis alikuwa ameupita kidogo.

"Ponce sitaisahau," akasema mwishowe.

"Nani amekwambia usahau? Leseni si mama yako. Unaibadilisha tu."

Efraín akacheka bila kupenda. Asubuhi alitafuta cheti chake cha kuzaliwa.

Haikuwa rahisi kama kunywa maji. Safari ya kwanza ofisi ya leseni waliambiwa barua ya benki ya Efraín ni ya zamani mno. Wakaenda benki, wakapewa mpya. Safari ya pili walitoka na kadi mbili. Chini ya kila jina palikuwa na namba ya barabara kuu, na chumba kumi na nne. Polisi nao waliandika maelezo kuhusu Rocky. Hela haijarudi mpaka leo. Lakini kibanda hakijarudi pia.

Jumamosi moja ya Februari, siku isiyo ya sikukuu, walisimama tena langoni pa Palmaria. Tiketi walikuwa wamezinunua kwenye tovuti ya bustani yenyewe, wakiwa maktaba, Bi Solange akiwa kando. Nereida aliweka kadi yake mbele kabla hajaulizwa. Efraín akaweka yake. Kioo kikakubali vidole vyao. Taa ikawaka kijani.

Mfanyakazi wa Nyangumi alimsimamisha Amarilis kwenye kijiti cha kupimia, akampungia mkono apite na wazazi wake. Gari likapanda taratibu, likipita juu ya mitende, juu ya maegesho, juu ya barabara kuu. Kabla halijaporomoka lilisita kidogo kileleni.

"Baba, nyumbani!" Amarilis akaonyesha paa la moteli.

Siku zote mtoto akiita pale nyumbani, Efraín alimsahihisha. Safari hii alitazama lile paa chakavu, akamshika mtoto mkono. Kisha gari likaanguka, na wote watatu wakapiga mayowe.

Wiki iliyofuata Bwana Kessler alibisha mlango. Mwezi ulikuwa unakaribia kutimia.

"Jamani wageni wangu," akasema, "kesho asubuhi mnatoa vitu, kama kawaida."

Nereida hakupandisha sauti. Hasira yake sasa ilikuwa na karatasi. Alimpa kadi yake aisome, na juu yake barua ya wakili wa msaada wa mtaa wa pili, iliyosema kwamba wenye makao hapo hawatolewi kila mwezi.

"Soma hapo chini ya jina langu, Bwana Kessler. Panasema ninakaa wapi?"

Meneja alisoma. Alisoma tena barua. Tabasamu lake lilianza kuyeyuka.

"Hamkuniambia mmechukua hizi."

"Hukutuuliza. Ulituita wageni tu. Kodi ya wiki hii ni hii hapa, na risiti nitaingoja mlangoni."

Alileta risiti. Kesho yake hawakutoa hata kijiko. Familia ya chumba cha tisa ilikuja kuuliza imekuwaje, na Nereida akawaelekeza maktaba, meza ya Bi Solange.

Jioni fataki zilipasuka kama kawaida. Amarilis hakutoka kuzitazama. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anasukuma sanduku la viatu mbali kabisa chini ya kitanda. Miaka yote lilikuwa likihama nao garini. Sasa lingekaa hapo hapo mpaka Wafalme warudi.