Pedali ya Kushoto

Fundi baiskeli hakuwa na kitambulisho cha upelelezi. Hakuwa na cheo, hakuwa na miwani isiyo na ufa, wala mtu wa kumkaribisha kiti katika ofisi ya mkuu wa stesheni. Alikuwa na mpwa tu, mchukuzi wa mizigo kwenye treni, naye alikuwa amekalishwa sakafuni kama mwizi.

Treni ya abiria iliingia saa tisa na dakika kumi alasiri. Abiria mmoja, mkunga, alipofuata baiskeli yake kwenye behewa la mizigo, alikuta nafasi tupu.

"Polisi wanamchukua saa kumi," alisema mkuu wa stesheni. "Na kazi hana tena."

"Nani alimwona akiiba?"

"Mimi," alijibu mlinzi wa behewa, ameegemea mlango. "Kituo cha katikati ya safari, saa nane na nusu. Kampa mwenzake, mwenzake kaipanda, kapiga pedali mpaka nje ya geti. Umeridhika, babu?"

"Mimi si babu yako. Mbona hukupiga filimbi?"

"Nilikuwa nateremsha mizigo. Mikono ninayo miwili."

"Lakini mpwa wako ndiye aliyeipokea," mkunga alisema kwa uchungu.

"Mjomba, sikuigusa tena baada ya kuipakia."

"Nyamaza wewe," alisema mkuu. Akamgeukia fundi. "Kaangalie behewa. Dakika tano, kisha nisikuone hapa."

Behewani mlikuwa na magunia na kabati refu la machela, upana wake shubiri mbili, limefungwa kufuli. Fundi alipiga magoti, akapapasa chini ya magunia. Akarudi ofisini na kitu kiganjani.

"Mama, hii ni yako?"

"Pedali yangu hiyo. Raba nyekundu niliweka mwenyewe."

"Ni ya kushoto. Hii hufunguliwa kinyume na ya kulia, na mpwa wangu amekulia karakanani kwangu, analijua hilo hata akiwa usingizini. Aliyeifungua alilazimisha upande usio wake mpaka spana ikatafuna chuma. Sasa, bwana mlinzi, mwenzake alipiga pedali gani?"

Mlinzi aliacha kuegemea mlango. "Labda aliisukuma."

"Ulisema aliipanda. Mtu hufungua pedali akitaka baiskeli iwe nyembamba. Ufunguo wa kabati la machela anao nani?"

Wote wakatazama mkanda wa mlinzi.

Kabati lilipofunguliwa, baiskeli ilikuwa imesimama nyuma ya machela, usukani umegeuzwa.

"Ananiaibisha huyu mchukuzi," mlinzi alifoka. "Kila nikipakia magunia yangu bila tiketi, anayashusha mbele ya abiria. Nilitaka afukuzwe tu. Baiskeli ningeirudisha."

"Lini?" mkunga aliuliza. "Nina wajawazito watatu wa wiki hii, kila mmoja kijiji chake. Niwafikie kwa miguu?"

Saa kumi polisi walifika, wakaondoka na mlinzi.

"Haya, mchukue mpwa wako mwende," alisema mkuu, bila kuomba radhi.

"Hatuendi. Ulimwita mwizi mbele ya watu. Waandikie makao makuu kwamba hana kosa, na kazi yake ipo palepale."

Mkuu aliandika huku amekunja uso. Fundi alisoma kila mstari juu ya bega lake.

"Futa hiyo 'inadaiwa'. Umeona kwa macho yako."

Mkuu akafuta. Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi, akaigonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Fundi aliifuata mpaka mkononi mwa dereva wa treni, aipeleke makao makuu, akasimama jukwaani hadi behewa la mwisho likapita taa ya ishara.