Chupa ya Buluu ya Kualikia Harusi

Kwetu watu hawaalikwi harusini kwa kadi. Mwalikaji anavaa shati jeupe, anabandika ua kwenye kofia, anapita nyumba kwa nyumba na chupa ya rakija, pombe yetu kali ya plamu. Kila mwenye nyumba anapiga funda moja kutoka chupa ile ile. Ukinywa, umekubali kuja. Ukikataa, umetukana ukoo mzima.

Mjukuu wetu Milunka alikuwa anaolewa Jumapili. Mwalikaji alikuwa mume wangu, Vidoje. Jumatano asubuhi tukakuta chupa yetu ya mbao ya kualikia imepasuka.

"Usihangaike, mama," akaniambia. "Nitapata kitu."

Akapanda darini. Nyumba yetu zamani ilikuwa ya mtengeneza dawa, na vitu vyake vilibaki huko juu na vumbi lake. Vidoje akashuka na chupa ya buluu. Ilikuwa nzuri, nisidanganye. Ilikuwa na kizibo cha kioo na mistari iliyoinuka ubavuni. Chini kulikuwa na unga mweupe kidogo, umeganda.

"Huo unga ni nini?" nikauliza.

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Mimi nijuaje? Aliyekuwa anaumwa ameshakufa."

"Ndiyo maana nauliza!"

Akacheka. "Nitaisuuza kwa rakija. Rakija inaua kila kitu."

Hilo hata mimi niliamini. Rakija tunasafishia vidonda, tunachulia vifua, tunapangusia madirisha. Akatia, akatikisa, akasugua kwa sifongo, akamwaga kwenye beseni langu la kabichi. Kisha akaijaza upya kutoka pipa letu la rakija. Unga haukuonekana tena.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yetu Nevena, mfamasia. Nilimsindikiza mzee ili asikosee jina la bwana harusi. Mara mbili alishamwita kwa jina la mchumba wa zamani.

Nevena alipokea chupa kwa mikono miwili, akaipeleka mdomoni. Vidole vyake vikagusa ile mistari. Akaishusha.

"Babu Vidoje, hii umeitoa wapi?"

"Kunywa kwanza, maswali baadaye."

"Sinywi."

Mzee akaiva uso. "Hunywi? Milunka amekukosea nini? Wewe ndiye uliyemfundisha baiskeli, leo unaikataa harusi yake?"

"Nitakuja harusini. Ila nataka kufika nikiwa hai. Wewe umeonja?"

Mzee hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimemkataza pombe kabla ya chakula.

"Sema, baba!" nikapiga kelele.

"Nilionja ya pipa tu," akasema kwa sauti ndogo. "Mara tatu. Ya chupa bado."

Ndiyo siku pekee niliyomshukuru Mungu kwa lile pipa.

Nevena akaiweka chupa chini, akaikazia kizibo. "Mistari hii iliwekwa makusudi," akasema. "Mtu akipapasa dawa gizani, vidole vimwambie kwamba hii ni sumu. Na msidanganyike, chupa nyingine za sumu ni laini kabisa."

"Lakini ilikuwa dawa!" mzee akabisha.

"Ilikuwa. Zamani watoto wenye minyoo walipewa unga wa zebaki. Wakubwa walikunywa matone ya aseniki wapate nguvu. Hawakujua. Wengine waling'oka meno, wengine walikufa."

"Bibi yangu alikunywa hayo matone, akafika miaka tisini!"

"Waliokufa mapema hawakuacha wajukuu wa kuwasifia, babu."

Mzee akatafuta neno lingine. "Basi nimeisuuza kwa rakija. Ya kwangu! Inaua kila kitu."

"Inaua vijidudu. Zebaki si kijidudu, wala aseniki. Havina uhai, utaviuaje? Wewe umevikoroga tu. Na aseniki ukiikoroga kwenye pombe, haina harufu wala ladha. Ungepita nyumba arobaini, kila nyumba funda moja."

Mzee akavua kofia, akakaa kwenye ngazi. Nilimwona anahesabu majirani kimoyomoyo.

Nevena akavaa glavu. Akaiweka chupa wima ndani ya ndoo yenye mfuniko, akaandika SUMU. Akaja kwetu akachukua beseni, na rakija yote ya kusuuzia, na sifongo. Akamnawisha mzee kwa sabuni na kumbadilisha shati. Chupa nyingine zilizobaki darini akasema zisiguswe. Tusizinuse, tusizioshe, tusizimwage kwenye sinki wala shambani, maana sumu itafika kisimani. Tufunge dari, tuwapigie simu watu wa manispaa wanaokusanya taka za sumu.

"Hata rakija yenyewe inakwenda?" mzee akauliza.

"Inakwenda."

"Nusu lita nzima?"

"Nzima, babu. Pole sana."

Nevena akatuazima chupa ya mbao ya marehemu baba yake. Mzee akaanza upya. Kila nyumba alisema: "Njooni Jumapili, Milunka anaolewa. Na darini kwenu je, hamna chupa za dawa za zamani?" Akaeleza habari ya zebaki mpaka rakija ikapata joto. Bwana harusi alimsahau kabisa, ikabidi nimtaje mimi.

Ijumaa gari la manispaa likaja. Likachukua chupa kumi na moja za kwetu na ishirini na tatu za majirani. Jirani mmoja alikuwa anaweka chumvi ya jikoni kwenye yake.

Jumapili watu mia mbili walikuja harusini kwa miguu yao wenyewe. Kuondoka, wengine waliondoka kwa miguu ya wenzao, lakini hiyo ilikuwa ni rakija tu.