Kona ya Nne

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, binti wa fundi wa fremu alifumba macho na kupitisha kidole kwenye kona za meza. Mama yake, mshonaji, alikwishazoea.

"Meza haijakimbia tangu jana," alimtania. "Kunywa chai, utachelewa."

Meza hiyo haikutengenezwa na baba. Nyumba nzima haikuwa na kitu kilichotoka mikononi mwa baba, maana mganga hajigangi. Aliwatilia watu picha zao kwenye fremu nzuri, zake zikaning'inia kwenye msumari mtupu. Fremu zote zilikwenda kwa wenyewe. Kisha baba akaugua, akafariki, na sasa ulikuwa mwaka wa pili.

Alichomwachia binti yake ni ile tabia ya kidole. "Jicho hudanganyika," baba alizoea kusema. "Kona ikiwa na ufa mwembamba kama unywele, kidole kitakuambia." Tangu akiwa na miaka minne, binti alikaa juu ya benchi la karakana akikagua kona, na baba akampa jina la Mkaguzi. Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo. Binti alilitamani jina hilo hata likamuuma. Wakati mwingine alijiita mwenyewe kwa sauti ndogo, lakini haikuwa sawa.

Siku hiyo darasa lao lilikwenda kutembelea jumba la sanaa. Mlangoni walipokewa na mlinzi, mzee mwenye miwani minene.

"Macho yana ruhusa kila mahali," aliwaambia. "Mikono muiache hapa kwangu."

Watoto wakacheka. Mwalimu akawakumbusha kwamba wakimaliza kutazama wataingia chumba cha kuchora, chenye rangi za kila aina. Hilo ndilo walilolisubiri wiki nzima.

Jirani yake wa dawati, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alieleza kila picha kabla hawajaifikia. Binti hakumsikiliza. Wenzake walitazama picha, yeye alitazama fremu. Katika chumba cha pili akasimama ghafla. Mbele yake palikuwa na picha ya mwanamke aliyeketi dirishani, na fremu yake ilikuwa ya mbao nyeusi. Kila kona ilikuwa na kabari ndogo ya mbao nyeupe. Hakumjua fundi mwingine ila baba aliyefunga kona kwa namna hiyo.

Akafumba macho, na kidole kikaenda chenyewe. Kona ya kwanza haikuwa na ufa, ya pili vilevile, hata ya tatu. Alipoifikia ya nne akakandamiza kidole, akafumbua macho, akaona kabari nyeupe ina doa la buluu. Kalamu ilikuwa imemvujia muda mfupi uliopita, na wino ulikuwa haujakauka kidoleni.

Mlinzi alipopita aliliona doa. Hakufoka. "Nani ameigusa hii?" aliuliza. Watoto wakatazamana.

"Mpaka aliyegusa ajitokeze," mwalimu alisema, "hakuna atakayeingia chumba cha kuchora."

Redio alikiona kidole cha mwenzake. "Kitie mfukoni," akamnong'oneza. "Hawatajua."

Binti akakitia mfukoni. Adhabu haikumtisha. Aliogopa kutolewa nje asiione tena kazi ya baba, kazi pekee aliyoipata tangu aondoke. Lakini alipolitazama lile doa, aliona aibu. Baba hakuwahi kuruhusu fremu itoke karakana na dosari. Akautoa mkono mfukoni.

"Ni mimi," alisema. "Hii fremu aliitengeneza baba yangu. Nilikuwa nakagua kona."

Hakuna aliyecheka. Mlinzi alikwenda kumwita fundi anayetunza picha, mama mmoja mwenye aproni. Huyo alimpeleka binti kunawa mikono, kisha akaibeba picha hadi karakana yake, mwalimu akiwafuata. Akalisugua doa taratibu kwa pamba yenye dawa. Likatoka.

"Umesema mapema," alisema yule mama. "Wino ungekauka, ungezama ndani ya mbao. Kosa nalo ni hivyohivyo. Likisemwa bichi hufutika, likifichwa huzama."

Kisha akaigeuza picha. Nyuma ya fremu palikuwa na mwandiko wa penseli ulioinama, mwandiko wa baba: *Kona zote nne zimekaguliwa na Mkaguzi.* Kando ya maneno hayo, ndani ya vanishi iliyokauka, palikuwa na alama ya kidole kidogo sana.

"Miaka yote najiuliza huyu Mkaguzi ni nani," mama yule alisema. "Nilidhani ni mkubwa wake wa kazi."

Machozi yalimtoka binti. "Nilikuwa na miaka mitano. Vanishi ilikuwa mbichi, nikaigusa. Nilidhani baba ameifuta."

"Hakuifuta," alisema mwalimu. "Kila kazi humu ndani ina mtu nyuma yake. Wewe umetufundisha kumtafuta."

"Huku nyuma unaruhusiwa kugusa," mama wa aproni alimwambia.

Binti akaweka kidole chake juu ya kile cha zamani. Kilikifunika chote.

"Haya, Mkaguzi," yule mama akauliza, "kona zikoje?"

Binti akafumba macho, akapitisha kidole kwenye kona zote nne.

"Ziko sawa," akajibu.