Dawa ya Mkilifi Shambani kwa Mwanaima

Mwanaima na mumewe, Mwero, walilima sukuma wiki kijijini kwao Waa. Hoteli moja ya Diani iliahidi kumtuma mnunuzi wake baada ya wiki tatu. Akizipenda mboga zao, angezichukua kila Jumatatu.

Asubuhi moja, akimwagilia maji, Mwanaima aligeuza jani. Lo! Chini yake vidukari walijaa tele, wakifyonza utomvu. Majani yalikuwa yamejikunja, yananata.

"Nitapiga ile sumu kali," alisema Mwero.

"Ile iliyokuangusha kwa kizunguzungu msimu uliopita? Ngoja kwanza."

Akamwita Sidi, afisa wa kilimo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shamba linaniishia hivi hivi naliona."

Sidi alikagua majani, kisha akaonyesha mti uani. "Dawa unayo, mama. Mkilifi huo, yaani mwarobaini."

"Huu tunaochemshia homa?"

"Huo huo. Twanga kilo moja ya majani mabichi. Loweka katika lita tano za maji usiku kucha. Chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili dawa ishike. Nyunyiza jioni, maana jua kali huipunguzia nguvu. Usisahau chini ya majani. Rudia baada ya wiki. Vaa glavu, watoto wasiinywe, na mboga zioshwe kabla ya kupikwa."

Mwanaima alifanya vivyo hivyo. Kesho yake vidukari walikuwa pale pale. Mwero akabeba bomba la sumu.

"Maji ya majani hayo! Tutaikosa hoteli."

Mwanaima alisimama mbele ya matuta, mikono kiunoni. "Sidi amesema haiui papo hapo. Huwafanya wadudu washindwe kula na kuzaana. Nipe siku nne tu."

Mwero aliguna, akaweka bomba chini.

Siku ya nne Mwanaima alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mwero alikuja mbio. Akageuza jani, la pili, la tatu. Vidukari walikuwa wachache, wamenyauka.

"Kinu kiko wapi?" aliuliza. "Mara hii natwanga mimi."

Mnunuzi alipofika, sukuma ilikuwa imesimama, majani mabichi, mapana. Aligeuza majani, hakuona hata mdudu mmoja, akatabasamu.

"Kuanzia Jumatatu nitachukua yote. Fundi wa dawa hapa ni nani, mzee?"

Mwero alijitutumua. "Mke wangu," alisema. "Muulize yeye."