Alifunga Mlango, Mwanangu Akiwa Upande wa Pili

Kwanza nilisikia ufunguo ukizunguka.

Kisha nikasikia sauti ya mume wangu kutoka nje, ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Nisamehe, mke wangu. Ni mpaka utulie."

Nitulie?!

Mwanangu alikuwa upande wa pili wa mlango, mikononi mwa mama mkwe wangu. Anakufa. Na mimi niliyemzaa nimefungiwa ndani kama mwizi anayesubiri polisi!

Ndugu zangu mnaonisoma, juzi niliweka hapa picha ya mazishi, mkaniuliza, "Dada, umeolewa kwa waliookoka, mbona wewe bado Mkatoliki?" Wengine mkaongeza maneno ambayo sitayarudia.

Sikuwajibu. Jibu langu ni refu, na linaanzia kwenye mlango huo. Leo naliandika, nisije nikalisahau.

Mwanangu alizaliwa na moyo mbovu. Daktari hakutuzungusha. Alisema, mpelekeni nyumbani, mkae naye.

Tukakaa naye.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata wakati wa kula. Mtaa mzima ulimwita Mama Spika. Kanisani kwao ndiye aliyeongoza maombi, na umeme ukikatika hakuna aliyeona tofauti.

Kanisa lao haliwabatizi watoto wachanga. Mtu anabatizwa akiwa na akili zake, anazamishwa majini akijua anachokifanya. Mimi nimelelewa na mwalimu wa dini parokiani, marehemu mama yangu. Kwetu mtoto anabatizwa mapema, hasa mgonjwa.

Nilimwomba mama mkwe. Nilimwomba tena.

"Mama, naomba padri aje ambatize mtoto."

"Mtoto amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, Mama."

"Sasa anaombewa maji ya nini? Kanzu ya padri haiingii nyumba hii."

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akaitazama sahani yake. Alikuwa bingwa wa kutazama sahani, yule bwana.

Basi, ikafika ile siku.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Mchana midomo ya mtoto ikabadilika rangi. Mama Spika akawaita wazee wa kanisa lake, wakajaa sebuleni, wakaanza kuimba taratibu. Mimi nikapiga simu parokiani. Nikaambiwa padri yuko kwenye kanisa la kigangoni, mbali, akirudi tu atakuja.

Akirudi lini?

Nikamfunga mtoto kwenye shuka, nikaiacha simu mezani, nikashika njia ya mlangoni. Mume wangu akanizuia kwenye korido.

"Unampeleka wapi na mvua hii?"

"Kanisani."

"Utamuua!"

"Anakufa tayari! Nipishe!"

Hakunipiga, tusimsingizie. Alinyoosha mikono taratibu, nikadhani ananipokea mzigo. Nikampa. Akamkabidhi mama yake, akanisukuma chumbani, akafunga.

Dirisha la chumba kile lina nondo, na mbele yake ni ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Nilipiga mlango kwa ngumi, nikaupiga kwa kiatu. Kule sebuleni, kila nilipopiga, walipandisha wimbo.

Ndipo nikasikia pikipiki ikizima nje. Na sauti ninayoijua!

"Hodi humu ndani! Nimeitwa, kuna mtoto mgonjwa."

Padri!

Nikanyamaza nisikie atakavyokaribishwa. Mama Spika akajibu mwenyewe.

"Hapa hakuna mgonjwa, mzee. Umekosea nyumba."

"Nimeelekezwa nyumba yenye cherehani dirishani."

"Cherehani mji huu zimejaa tele."

Nilipiga kelele mpaka nikaonja damu kooni... Lakini mvua kwenye bati, na zile nyimbo! Pikipiki ikawaka. Ikaondoka.

Hapo nilikaa sakafuni. Na nikiwa pale chini, nikakumbuka somo la mama yangu. Alikuwa akilirudia kila mwaka kwa watoto wa komunyo: mtu akiwa katika hatari ya kufa na padri hayupo, yeyote anaweza kumbatiza. Yeyote! Hata asiye Mkristo, mradi atumie maji, aseme maneno, na akusudie kufanya kile ambacho Kanisa linafanya.

Nikalala kifudifudi, mdomo kwenye uwazi wa chini ya mlango.

"Yeyote aliyepo! Hata kama huamini! Chukua maji, mmwagie kichwani, sema, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu! Maji tu! Nawaomba!"

Nilirudia. Nilirudia mpaka sauti ikawa pumzi tu.

Ndala za mama mkwe zikaja kwenye korido. Nazijua, moja ilikuwa imekatika ikashonwa kwa uzi wa sare. Zikasimama mlangoni kwangu. Niliona kivuli cha miguu yake, karibu kabisa na uso wangu.

"Mama... Mama, tafadhali..."

Zikapita. Zikaenda jikoni.

Baadaye kidogo nyimbo zikakoma.

Aliyenifungulia ni yeye. Mtoto alikuwa mikononi mwake, amevikwa kofia ya sufu aliyomfumia mwenyewe.

"Amelala," alisema. "Mchukue."

Nilimchukua. Kofia ilikuwa na unyevu. Nikadhani ni jasho. Nikadhani labda kuna mtu alimlilia.

Tulimzika.

Padri alinitafuta. Akaniambia, "Mwanangu, Mungu hafungwi na sakramenti zake. Mkabidhi kwenye huruma yake." Maneno mazuri, tena ya kweli. Masikio yaliyapokea. Moyo uliyarudisha. Mimi nilijua kitu kimoja tu, kwamba mwanangu aliombewa maji akanyimwa, na mimi nikamlilia Mungu kutoka chini ya mlango, naye akapita kama ndala.

Nikaacha misa. Rozari nikaifungia kwenye droo pamoja na ile kofia. Jumapili wote wakienda makanisani, mimi nilikaa kitandani chumba kile kile. Mlango ulikuwa wazi. Sikutoka.

Na ndani ya nyumba ikawa marufuku kumtaja. Mume wangu akifungua mdomo, mama yake anakohoa. Mimi nikianza kulia, cherehani inaanza kukimbia. Tuliishi hivyo watu watatu, kila mmoja na kabati lake la moyo, na hakuna aliyethubutu kuomba ufunguo.

Siku moja nikaamua basi. Mume wangu yuko kazini, nikatoa begi, nikaanza kupanga nguo.

Mama Spika akaingia. Akafunga mlango, akazungusha ufunguo kwa ndani.

Nikakimbilia mlango!

"Keti," akasema.

"Mama, nifungulie."

"Keti kwanza, mwanangu. Wakija wageni nitakosa nguvu ya kusema."

Nikaketi. Akaketi pembeni yangu, akaanza kuizungusha ile futi vidoleni.

"Nilitumia kikombe changu cha chai."

"Kikombe gani?"

"Siku ile. Jikoni. Wazee niliwaambia naenda kumpashia maziwa."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa.

"Maneno nilikosea mara ya kwanza, nilimsahau Mwana. Nikaanza upya. Nikammwagia maji kichwani, yakashuka mpaka sikioni, akafumbua macho akanitazama. Nikamwita lile jina la baba yako, ulilokuwa unalitaka. Kisha nikamvika kofia wasione nywele zimelowa."

Ile kofia!

"Mama... lakini ulimfukuza padri!"

"Na wazee wamekaa sebuleni kwangu? Mimi Mama Spika nimkaribishe padri?"

"Sasa kwa nini ukafanya? Wewe huamini."

"Siamini hata kidogo." Akakunja uso. "Lakini ulikuwa unapiga kelele. Nikasimama pale mlangoni nikajiuliza, kama mimi ndiye mwenye kosa, mtoto alipe? Na kama anayekosea ni huyu mama yake, maji ya bomba yamemdhuru nani?"

"Na ukanyamaza muda wote huu!"

"Ningemwambia nani? Nikikwambia wewe utamwambia mumeo, mumeo hana kifua. Kanisani wangenivua uongozi. Nimekaa nalo hapa," akajigusa chini ya futi, "mpaka nashona suruali mguu mmoja mfupi."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka na kulia kwa pamoja, na yeye akalia, na hakuna mtu mtaa ule aliyewahi kumwona akilia.

Kisha akaniuliza kwa woga, kama mtoto. "Ule ubatizo... umeshika?"

Tulikwenda parokiani wote wawili. Alijifunika mtandio mpaka puani. Padri akamtazama sana.

"Nyumba yenye cherehani," akasema.

"Ndiyo hiyo hiyo," akajibu. "Niulize unachotaka kuuliza, nina sare za watu."

"Maji yalitiririka kichwani?"

"Yalitiririka."

"Maneno ulisema yote?"

"Mara ya pili, yote."

"Ulikusudia kufanya nini?"

Akanyoosha kidole kwangu. "Kile alichokuwa anakililia huyu. Kile ambacho ninyi mnafanya."

Padri akavua miwani. "Basi mjukuu wako amebatizwa, mama. Na aliyembatiza ni wewe."

"Usitangaze," akasema Mama Spika.

Begi nililipangua jioni ile. Na mume wangu tulisemeshana, tukasameheana. Hayo ni ya chumbani.

Sasa mnajua kwa nini bado niko huku. Sijabaki kwa ajili ya majengo wala kwaya, na msinianzishie mjadala wa aya hapo chini. Nimebaki kwa sababu Kanisa langu liliacha mlango mmoja bila kufuli. Mwanangu alipitia hapo, na aliyempitisha ni mwanamke ambaye hakuuamini. Mimi nilidhani Mungu amepita kama ndala. Kumbe alikuwa anaelekea jikoni.

Ndugu yangu, usiape kwamba unamjua mtu kwa sababu ulisikia alichosema mlangoni. Hujui alichokifanya jikoni.

Ile picha ya mazishi mliyoiona ni yake. Tumemzika Mama Spika kwa kanisa lake na nyimbo zake, kama alivyotaka. Siri hii aliniruhusu kuitoa akishalala.

Ila Jumapili nilimwombea misa. Jina lake lilisomwa mbele ya watu wote.

Angechukia sana! Namsikia kabisa, futi shingoni, "Naombewa ya nini? Mimi nimekosa nini?"

Hujakosa kitu, Mama.

Pumzika.