Feni Iliyozimwa Mlango Ukiwa na Kufuli

Kila asubuhi Mama Vifaranga alianza na chumba cha nyuma. Kabla ya kunawa uso, kabla ya chai. Aliinama mbele ya mashine ya kutotolea vifaranga, akaweka sikio kwenye kioo. Akisikia feni inavuma, moyo wake ulitulia.

Asubuhi hiyo hakusikia kitu. Feni ilikuwa imezimwa. Mayai ya juu yalikuwa ya moto, ya chini yamepoa.

"Nani ameingia chumbani?" aliuliza.

Mkwe wake, aliyeolewa na mwanawe majuzi tu, alikuwa jikoni anachuja chai. "Niliingia jana kufagia, Mama. Feni sikuigusa."

"Haya," alisema Mama Vifaranga, lakini jicho lake halikusema haya.

Kesho yake feni ikakutwa imezimwa tena. Mama akanunua kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni, akalala nao. Asubuhi kufuli lilikuwa palepale, na feni imezimwa.

"Amechonga ufunguo wake," alimnong'oneza binti yake. "Mayai yakiharibika, huyu atarudi kwao. Siwezi kuishi na mtu wa kumchunga kama mwizi."

"Wifi achonge ufunguo ili azime feni? Atapata nini, Mama?"

"Wewe cheka tu."

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mkwe, aliyekuwa ndani, alisikia yote. Aliingia chumbani kwake, akaanza kukunja nguo zake.

Mchana alikuja jirani yao, fundi wa programu za kompyuta. Wote walimwita Miwani. Alimkuta Mama amekaa kwenye kiti mbele ya mlango wa chumba cha nyuma.

"Mama, unalinda dhahabu?"

"Nalinda mayai yangu dhidi ya watu wangu mwenyewe."

Miwani alisikiliza kisa chote. Akashika kufuli, akalitikisa. "Nani anaweza kuzima feni bila kupita mlangoni?"

Binti alishtuka. "Msaidizi!"

Msaidizi ni akili bandia ambayo Binti aliiweka kwenye kompyuta yake yenye betri ili iangalie joto na unyevu wa mashine. Alikuwa ameitengenezea zana, yaani programu ndogondogo: moja ya taa, moja ya kunyunyiza maji, na wiki hiyo akaongeza ya kuzima feni na ya kuiwasha. Kila zana aliiandikia maelezo. Msaidizi hana macho ya kuona chumba. Anajua vipimo anavyoletewa na alichoandikiwa tu.

Binti akamuuliza. Jibu likatokea kwenye kioo cha kompyuta: "Ndiyo, nimekuwa nikizima feni kila alfajiri ili ninyunyize maji. Taa hujizima yenyewe kazi ikiisha. Nilidhani feni nayo hujiwasha. Maelezo hayakusema."

"Anajitetea huyo!" alisema Mama.

"Tusimwamini bure," alisema Miwani. "Tusome maelezo."

Maelezo yalikuwa hivi: *Huzima feni.* Basi.

"Lakini kila mtu anajua ukiizima lazima uiwashe!" alisema Binti.

"Kila mtu aliyewahi kusimama chumbani humu, dada. Msaidizi ni mgeni. Mwandikie zana inafanya nini, itumike lini, na ikimaliza inaacha hali gani. Joto likitajwa, sema ni nyuzi za Selsiasi au za Farenhaiti."

Mama alikunja uso. "Na feni ikikataa kuwaka? Huyo si atanyamaza?"

Miwani akacheka. "Hapo sasa umegusa penyewe, Mama. Kila unachokishuku, tukiandike. Endelea kushuku."

Mama akavuta kiti karibu na kompyuta. "Umeme ukikatika katikati ya kazi je?"

"Na mlango wa mashine ukiachwa wazi?" ilisema sauti nyuma yao. Mkwe alikuwa amesimama na begi mkononi. "Mimi huukuta hivyo nikifagia."

"Njoo hapa, wifi," alisema Binti. "Hilo nalo tuandike."

Maelezo mapya yalisomeka hivi: *Huzima feni. Feni haijiwashi yenyewe. Tumia zana hii kabla ya kunyunyiza maji tu, mlango wa mashine ukiwa umefungwa. Ukimaliza kunyunyiza, tumia zana ya kuwasha feni, kisha soma kwenye vipimo kama imewaka. Isipowaka, au umeme ukikatika, mtumie Mama ujumbe mara moja.*

Walijaribu papo hapo. Feni ikanyamaza, maji yakanyunyizwa, feni ikavuma. Mama alitaka waijaribu tena. Kisha Binti akachomoa waya wa feni makusudi. Simu ya Mama ikalia mfukoni: *Feni haijawaka.*

"Huyu sasa anasema," alikiri Mama, shingo upande.

Asubuhi zilizofuata feni ilikuwa inavuma. Mayai kadhaa ya chini yalikuwa yamekufa, lakini mengi yalianguliwa, na chumba kikajaa mlio wa vifaranga. Mama aliuvua ufunguo shingoni, akauweka kiganjani mwa mkwe wake.

"Shika, mwanangu. Nilikukosea."

"Na siku feni ikizimwa tena, Mama, utaniuliza mimi?"

"Nitasoma maelezo kwanza," alisema Mama. "Halafu nitakuuliza."

Mkwe alicheka, akaenda kulirudisha begi uvunguni mwa kitanda.